Sentensi ya Kabla ya Chai

Nilipokuwa kazini nilisifika kwa nyaraka. Wenzangu pale ofisini Songea wakikwama kwenye aya waliniletea rasimu, nami niliinyoosha kabla hawajamaliza kunisimulia habari za nyumbani. Nilikuwa ofisa wa mkoa upande wa afya. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchukua sera iliyotoka juu na kuiandika upya, ili muuguzi wa zahanati ya kijijini aielewe na kuitekeleza. Niliipenda kazi hiyo, na sitajifanya mnyenyekevu: niliiweza.

Lakini upo waraka mmoja ambao mpaka leo, nimeshastaafu, nikiukumbuka naona aibu. Ulihusu wanaume kuwasindikiza wake zao kliniki. Nia ilikuwa njema kabisa. Tulitaka mwanamume aingie chumbani na mkewe, wapimwe pamoja, azisikie dalili za hatari, ili mambo yakiharibika asipoteze nusu siku akiomba ushauri kwa shangazi zake. Kikao cha kuupitisha waraka kilikuwa kimeshafika mwisho na chupa za chai zimeshaingia, mtu mmoja akauliza, "Na wale wasio na wa kuja naye?"

Nikajibu bila kuinua macho, "Walete barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye mhuri."

Nikaiongeza, ikawa sentensi ya mwisho ya waraka. Kukoroga sukari kulinichukua muda mrefu zaidi.

Taarifa zilizorudi zilifurahisha. Karibu kila mjamzito alikuwa anakuja na mwenza. Bosi wangu alizisoma mbele ya wageni, na mimi nimekaa kiti cha nyuma, nimekunja mikono, najisikia kweli kweli.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, nilitumwa kukagua zahanati za vijijini. Mwezi huo baridi yetu haina mzaha, kwa hiyo nilivaa sweta kuukuu na kofia ya sufu aliyonifumia mke wangu. Kabla hatujafika zahanati ya kwanza, gurudumu likapasuka. Nilimwacha dereva anahangaika na jeki, nikatembea kipande kilichobaki.

Nje ya zahanati, kwenye benchi, alikaa binti peke yake. Mimba yake ilikuwa kubwa, na miguu ilikuwa imevimba hadi kandambili zikamzama kwenye nyama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unakaa kwenye baridi?"

Akanionyesha karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nesi kanirudisha. Nimeshakuja mara mbili, leo ya tatu. Mume wangu yuko Nalasi, kule Tunduru, kaenda kupulizia dawa mikorosho ya watu. Mwenyekiti naye kaenda mjini, na mhuri anatembea nao kwenye mkoba. Hii barua kaniandikia mke wake, nesi anasema bila mhuri si barua."

Nikaifungua. Mwandiko ulikuwa mzuri, na mahali pa mhuri pamechorwa duara kwa kalamu, pako tupu.

"Unajisikiaje?"

"Kichwa kinaniuma toka juzi. Na macho, baba, naona ukunguukungu."

Mimi si daktari. Ila dalili hizo mbili, pamoja na uvimbe, nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu kwenye waraka ule ule, ukurasa wa kwanza, chini ya maneno yasemayo asicheleweshwe. Nilishtuka. Nikasimama ili nikajitambulishe ndani, na hapo binti akanishika mkono wa sweta.

"Baba, ingia na mimi. Sema mume ndiye wewe."

Ningeweza kusema mimi ni nani. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilinyamaza. Nadhani sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba aliyemweka kwenye benchi lile ndiye huyu aliyeshikwa mkono wa sweta.

Muuguzi alikuwa dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, mkakamavu, na hakuwa amewahi kuniona. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Si ulisema mumeo yuko Tunduru?"

"Karudi," binti akasema.

"Mzee, ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaniuliza jina, akaliandika kwenye daftari, safu ya mwenza, kisha akanigeukia. Nilipigwa somo! Wazee wa siku hizi mnaoa watoto wadogo, halafu kliniki mnaona haya. Mwanamume anayemjali mkewe haungoji uchungu. Uzazi ni safari ya wawili. Maneno hayo ya mwisho niliyajua vizuri. Niliyatunga mimi mwenyewe, na yalikuwa yamebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Nikainamisha kichwa, nikaitikia, "Ndiyo, nesi."

Kisha akamfunga binti kipimo cha presha. Akapuliza, akasikiliza. Akakifungua, akakifunga mkono wa pili, akapuliza tena. Ukali wote ukamtoka usoni.

"Mzee, huyu aende hospitali sasa hivi. Gari la wagonjwa liko mbali. Unaweza kutafuta hata bodaboda?"

"Nina gari," nikasema, na hapo ndipo nilipovua kofia na kumwambia mimi ni nani.

Nilitegemea ataniomba radhi. Hakuniomba. Machozi yalimlenga, lakini sauti yake ilikuwa imenyooka. "Basi afadhali umekuja mwenyewe. Nilimpokea mmoja bila barua, wilaya wakaniandikia nijieleze kwa nini nimekiuka waraka. Waraka wenyewe nimeukariri."

Tulimshika binti huku na huku mpaka barabarani, dereva akiwa anakaza nati ya mwisho.

Hospitali walimpasua siku ile ile. Mtoto alitoka mdogo, akalelewa kwenye joto, akaishi. Mama yake naye akaishi. Daktari aliniambia kwamba kama angerudi nyumbani hata kwa usiku mmoja, wasingekuwa na la kufanya. Nilipokwenda kuwaona, mama mzazi wa binti alishasimuliwa kila kitu. Akanipokea mlangoni kwa kicheko: "Karibu, mkwe! Mahari unaleta lini?" Wodi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Niliandika waraka mwingine, mfupi kuliko yote niliyowahi kuandika: mjamzito ahudumiwe, awe amekuja na mtu au amekuja peke yake. Bosi wangu akauzungusha mezani kwa kidole. "Takwimu zetu zitashuka," akasema.

"Zishuke," nikamjibu. "Na mimi nimo kwenye hizo takwimu."

Akadhani natania. Nikamsimulia, akasaini.

Baada ya hapo nilirudi kwenye zahanati ile, safari hii nimevaa koti. Nilimwomba yule muuguzi daftari la miezi iliyopita. Nilitaka kuwajua wengine, wale waliorudishwa na hawakukutana na mzee mwenye sweta. Nilitaka tuwafuate nyumbani mmoja mmoja. Akalifungua mbele yangu na kuniachia nitafute.

Nikaanza na zile siku mbili alizorudishwa yule binti, kwa sababu hizo nilikuwa na hakika nazo. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Hakuwemo.

"Waliorudishwa mnawaandika wapi?" nikamuuliza.

"Hatuwaandiki, mzee," akasema taratibu. "Kwenye fomu mlizotuletea hawana safu."

Fomu zile pia nilizichora mimi.