Kiboko Aliyeachiwa Nafasi ya Mshono

Dada yangu ni fundi cherehani, na mafundi cherehani wana kesho yao. Gauni la mtu likiwa halijakatwa hata kipande, atamwambia mwenyewe, "Njoo kesho, imebaki vifungo tu." Hana ubaya. Hajui kumkatalia mtu, basi humwahidi kila anayeingia, na mikono yake ni miwili tu.

Binti yake tunamwita Kasuku. Amekulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, na hakuna neno lililosemwa juu ya meza ile asiloweza kulirudia kwa sauti ya mwenyewe. Mwaka jana alitaka keki ya siku ya kuzaliwa yenye umbo la Kiboko Rubani, yule wa katuni za runinga anayerusha ndege na miwani yake mikubwa na skafu nyekundu. Akaambiwa kesho. Mara sare za kwaya zikaingia, kesho ikasogea, tukaishia kumwimbia mtoto mbele ya mkate wa dukani. Mwaka huu dada alipomwambia, "Jumamosi nakutengenezea kiboko wako," Kasuku alimtazama kwa upole tu, akasema, "Sawa, mama. Hata asipokuwepo si kitu."

Angelia, tungembembeleza. Dada alinipigia simu siku hiyohiyo.

"Mdogo wangu, mwanangu hanidai tena. Na mteja akiacha kukudai, ujue ameshahamia kwa fundi mwingine."

Jumamosi asubuhi nikaenda. Ulimi wangu hauna mfupa, kwa hiyo kabla hata sijakaa nilimwuliza mtu ambaye wali wake unanyweka kwa kikombe anatafuta nini kwenye keki ya kiboko. Keki mbili pana zilikuwa zinapoa juu ya cherehani, na yeye alikuwa ameshachora kiboko kwenye karatasi ya kukatia nguo, kichwa peke yake, tumbo peke yake, miguu peke yake. Tulihamia dirishani kwa sababu balbu ya jikoni imeungua tangu sijui lini, na shemeji yangu ni fundi umeme. Mganga hajigangi. Kitinda mimba wao alikuwa sakafuni, akilamba sukari ya unga iliyomwagika.

Dada alikata vizuri. Lakini alipoanza kuviunga vipande kwa krimu, kiboko akawa anakua. Tumbo lilijaza sinia, miguu ikaning'inia, kichwa kikakosa pa kukaa.

"Dada," nikasema, "umeacha nafasi ya mshono?"

Akaitazama karatasi. Alikuwa ameacha, upana wa kidole kila upande, kama anavyofanya siku zote. Ila keki haishonwi, hakuna kinachokunjwa ndani. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikamwona uso na nikaacha.

"Nimeharibu tena," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Umeharibu nini? Uliona wapi kiboko mwembamba?" Huyo alikuwa shemeji, amesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Akaingia chumbani, akarudi amebeba mlango wa kabati la nguo. "Kabati litakaa wazi. Nguo hazitoroki."

Tukaufuta mlango, tukautandika karatasi safi, tukamhamishia kiboko huko kipande kwa kipande. Kasuku naye akasogea, akapewa bakuli la krimu akoroge. Hapo ndipo alipoingia mteja mmoja, mama aliyekuwa ameahidiwa gauni la bluu.

"Fundi, nimefuata gauni langu. Si ulisema leo?"

Kasuku aliacha kukoroga. Mimi na yeye sote tulikuwa tunangoja kusikia habari za vifungo. Dada alikuwa amekishika kichwa cha kiboko kwa mikono miwili, hawezi kukiweka, hawezi kwenda popote.

"Mama, nisamehe," akasema. "Gauni lako sijaligusa. Na leo siligusi, leo natengeneza keki ya mwanangu. Njoo Jumanne, utalikuta tayari."

Yule mama alikuwa amekuja na maneno yake yote, lakini yalikuwa ya kumjibu mwongo. Akautazama mlango wa kabati, akamtazama kiboko.

"Jumanne nisipolikuta tutagombana."

"Tugombane."

Akaondoka bila kuaga. Kasuku akaendelea kukoroga, polepole kuliko mwanzo.

Kiboko alitoka wa zambarau, kwa kuwa rangi ya kijivu tuliichanganya ikatushinda. Miwani yake ilikuwa biskuti mbili, na kwenye skafu dada alipitisha mstari wa mshono kwa krimu nyeupe, nadhani bila kujijua. Watoto wa majirani walimshangilia, wakamla kuanzia miguuni. Kasuku alisimama mbele yake muda mrefu, akala kipande chake. Dada alingoja neno moja tu na hakulipata. Iliniuma.

Wageni walipokwisha kuondoka, tukawa tunakusanya sahani. Kasuku akaingia chumbani, akarudi na sketi yake ya shule, akaiweka mapajani kwa mama yake. Pindo lote lilikuwa limebanwa kwa pini za stepla, nyingine zimeshapata kutu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Na stepla ya baba."

"Tangu lini?"

"Muhula ule mwingine. Ulikuwa na kazi nyingi."

Dada alichukua mkasi, akaanza kuzing'oa pini kwa ncha, moja moja, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa. Kasuku akamwegemea begani akimtazama anavyofanya.

"Naitaka Jumatatu asubuhi, mama," akasema. "Na begi langu mkanda umekatika. Na sweta, hapa kwapani. Ngoja nikavilete."

"Vilete vyote," dada akamwambia, akavuta kiti akaketi kwenye cherehani.