Kivuli kwenye Shavu la Baba

Juzi, kwenye simu ya binti yangu, niliona mwanamke wa Kijapani aliyechorwa kwa mkono. Kiti chake kilikuwa cha kisasa, kimetiwa vivuli kama kwenye fotografia, lakini uso ulichorwa kwa mistari tu, kama walivyochora mababu zao, bila kivuli hata kimoja. Tangu hapo sijatulia.

Baba alipofariki nikiwa bado mtoto, mchoraji mmoja wa mtaa wetu wa Panda alimchora akifuata fotografia ya kitambulisho. Mchana ule mama aliniacha sebuleni na picha, rangi bado mbichi, inanuka mafuta ya taa. Mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Shavu la kushoto la baba lilikuwa jeusi kuliko la kulia, na wageni wa matanga walikuwa njiani.

Zamani, kila baba alipotoka kiwandani na mavumbi, mama alimpangusa uso kwa kitambaa kabla hajaketi mezani. Basi nikachukua kitambaa kile kile, nikapangusa. Sikujua kwamba weusi ule ulikuwa kivuli, na kwamba mchoraji alikihangaikia siku mbili.

Mchoraji alipoingia na mama, alishika kichwa. "Mutoto, umefanya nini?"

"Baba alikuwa na mavumbi ya ku kazi," nilisema.

Mama hakunipiga. Alichukua kitambaa mkononi mwangu, akaisogelea picha, akaitazama kwa muda.

"Umesahau ku shingo," aliniambia, akaanza kumpangusa baba.