Mdogo wangu alivyowaomba walipie dawa yake ya selimundu Kimbiji, mkutano wa maoni Temeke

Wakuu, salaam kwenu wote. Hiki kisa nilikuwepo mwenyewe, siongezi chumvi hata punje.

Mie fundi wa kuchomelea mageti, naishi Vingunguti. Mdogo wangu wa kike, Zuhura, ana selimundu toka utotoni. Kaolewa Kimbiji, kule Kigamboni.

Dawa yake anameza kila siku. Bima ya serikali inailipia, ila ishu ni kwamba ilikuwa lazima aichukulie hospitali kubwa mjini. Kila mwezi.

Na barabara ya Kimbiji mliopita mnaijua. Mashimo mwanzo mwisho! Mtu wa selimundu akirushwarushwa vile, na jua, na kiu, maumivu ya mifupa yanaamka. Kuna miezi alikuwa anafuata dawa anaishia kulazwa.

Likatoka tangazo: taasisi ya hiyo bima inakusanya maoni ya wananchi, ukumbi uko Temeke. Nikamwambia asijisumbue, hao wameshaamua.

Akanijibu, "Kaka, wakikataa, wakatae wameshanisikia."

Basi nikamsindikiza.

Wakuu, nilidhani tutakuta viti vitupu. Watu wamejaa mpaka mlangoni! Wa sukari, wa presha, wa kifafa, kila mtu na lake.

Zuhura akapewa maiki. Akaamkia meza kuu, akaeleza barabara, akaeleza maumivu. Ndo anafika kwenye ombi lenyewe, mama mwenyekiti akamkata: "Ahsante dada, muda wako umeisha."

Nyuma yetu akasimama mzee mmoja wa kanzu. "Mwenyekiti, zamu yangu mie nampa huyu binti. Amalize."

Makofi ukumbi mzima!

Zuhura akasema, "Naomba bima ilipie dawa hata nikiichukulia kituo cha afya cha karibu na kwangu. Ni hilo tu."

Mfamasia wa taasisi akamjibu, kwa heshima kabisa, kwamba dawa ile inaweza kushusha chembe za damu, mgonjwa lazima apimwe, na vituo vingi vidogo havina mashine.

Nikajua tumekwama.

"Kupima nitakuja mjini," Zuhura akasema. "Lakini sipimwi kila mwezi. Ile miezi ya kuchukua vidonge tu, kwa nini niteseke njiani?"

Mfamasia akamnong'oneza mwenyekiti, wakanong'onezana weee.

"Hili tunalichukua," mama akasema.

Baada ya hapo kimya, miezi inapita. Mie nikakata tamaa, yeye bado anasafiri.

Juzi nipo kazini, simu inaita. Zuhura, analia huku anacheka.

"Kaka, niko kituoni hapa Kimbiji, nimepewa! Bima imekubali! Nimekuja kwa miguu!"

Nilipiga kelele mpaka mafundi wenzangu wakadhani nimepigwa shoti.

Nilichojifunza: wakiita watu kutoa maoni, nendeni. Na usiishie kulalamika, waambie unataka kifanyike nini. Zuhura aliomba kitu kimoja kinachoeleweka, na hoja ya mfamasia alikuwa na jibu lake.

Yule mzee wa kanzu hatukumpata tena kwenye ule msongamano. Kama kuna mjukuu wake humu, mfikishie mzee shikamoo yetu.

Na wewe mwenye mgonjwa anayefuata dawa mbali, funguka hapa chini. Ungepewa maiki, ungeomba nini?