Mguu wa Kushoto Kutoka Tanga

Watu huniuliza nilianzaje kujua habari za takataka za baharini, nami nililelewa Makongeni, mtaa wa Nairobi, ambako maji mengi kuliko yote ni yale ya mtaro wa nyuma ya nyumba mvua za Aprili zikikolea. Jibu langu ni kwamba bahari ilitufuata kwa gunia.

Nieleze polepole. Mpaka wetu na Tanzania ulikuwa umefunguliwa tena baada ya kufungwa kwa miaka, na watu wa ofisi fulani, wa huku na wa kule, wakakubaliana kufanya jambo moja rahisi. Kila mwezi, kwenye kipande kilekile cha ufuo kusini mwa Mombasa, na kingine cha urefu uleule upande wa Tanga, kiokotwe kila kitu kilichotupwa na maji: chupa, nyavu zilizokatika, kamba, vipande vya plastiki, viatu. Visichaguliwe wala visioshwe. Vitiwe kwenye magunia, vifike Nairobi, vitenganishwe na kupimwa kwa mizani moja. Bahari haina mlango, walisema. Taka ya jirani leo, kesho ni yako, na kila nchi ikipima kwa mizani yake hakuna atakayejua uchafu unatoka wapi wala aanzie wapi kuupunguza.

Kazi ya kutenganisha tulifanya wawili, mimi na msimamizi wangu, mama mpole aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Bohari letu la Eneo la Viwanda lilikuwa na giza kiasi kwamba usingetofautisha kizibo na konokono. Kwa hiyo Jumamosi tulikodi mkokoteni, tukayaleta magunia Makongeni na kuyamwaga kwenye sakafu ya saruji kando ya mfereji tuliochotea maji sote. Majirani walilalamikia harufu wiki ya kwanza. Wiki ya pili walileta viti.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, amebakiza muda mfupi astaafu. Siku gunia la kwanza la Tanga lilipoteremshwa alikuwa anapita na birika la chai. Akasimama, akaliweka birika chini, akachuchumaa.

"Nani amefunga hili?"

"Mwokotaji wa kule, Baba. Mimi simjui."

"Mimi namjua," akasema, huku kidole chake kikipita juu ya fundo.

Magadi wa zamani walikuwa na namna yao ya kufunga magunia ya vifurushi. Ncha ya kamba ilirudishwa ndani ya fundo, ili mtu akilifungua njiani asiweze kulirudisha lilivyokuwa. Kila gadi alikuwa na mkono wake, na huyu alizungusha mara moja zaidi ya wenzake. Alikuwa amekaa nyumba iliyopakana na yetu, ukuta mmoja, na mimi nilimwita baba mdogo ingawa kwao ni Tanga na kwetu ni Ukambani. Reli ya nchi tatu ilipogawanywa, kila mtu aliambiwa arudi kwao. Aliondoka asubuhi moja na mkewe na masanduku yao, kisha mpaka ukafungwa. Tangu hapo Baba hakumtaja ila aliposikia mtu anakoroma. Hapo alisema, "Huyu kwa yule wetu bado mwanafunzi."

Baba akatuma salamu kwa dereva wa lori lililoleta magunia. Mwezi uliofuata jibu lilikuja kwa mdomo wa dereva yuleyule: "Amesema kule analala vizuri, hakuna mtu wa kumgongea ukuta."

Baba alicheka hadi akakaa. Na tulipopata habari kwamba pande zote mbili zingekutana Nairobi, waokotaji wakiwamo, alilipeleka koti lake la kazi kwa dobi, jambo ambalo hata harusi ya dada yangu haikumfanya alifanye.

Basi mambo yangekwenda hivyo, kama si jirani yetu fundi wa akala, viatu vya matairi, aliyekuwa na kibanda soko la Kariokor. Jumamosi moja alipita, akasimama juu ya fungu la Tanga, akaanza kugeuza pata-pata, zile kandambili za mpira, kwa kidole cha mguu.

"Hii mzigo yenu iko na maneno," akaniambia. "Ona. Kushoto. Kushoto. Hii pia kushoto. Kwani huko Tanga watu wako na mguu moja?"

"Labda wanaruka-ruka," akasema mama mmoja aliyekuwa anafua nepi mferejini, na wenzake wakacheka.

"Mama, usicheke, hii ni biashara," fundi akasema. "Kwa kibanda yangu mimi naweka mguu moja nje, ile ingine inakaa kwa sanduku. Mwizi akibeba moja ataenda nayo wapi? Sasa huyu mtu yenu amewawekea ya kuonyesha. Ile ingine iko kwake ndani."

Nataka uelewe kwa nini tulimwamini. Kila aliyewahi kununua kiatu Kariokor anajua kwamba mguu mmoja ukiwa nje, wa pili umefichwa na mwenyewe. Hatukuwahi kuona viatu vya mguu mmoja kwa sababu nyingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mzee wa Tanga angefanyia nini rundo la pata-pata kuukuu za kulia. Tuliruka swali hilo kama mtu anavyoruka dimbwi.

Msimamizi wangu alipoambiwa alizigeuza pata-pata mbili tatu kwa mkono.

"Kama anachagua," akasema, "basi magunia yote ya kule hayana maana. Nitalazimika kusema, na atatafutwa mwingine. Mkutanoni hatakuja."

Nilimweleza Baba jioni hiyo, tukimenya viazi. Alimenya mpaka sufuria ikajaa.

"Reli ilipogawanywa," akasema, "watu wa huku walisema wale wameficha mabehewa. Watu wa kule nao wakasema sisi ndio tumeficha. Mimi nilisimama kwenye uwanja wa mabehewa nikasema, ninaowajua mimi hawafichi kitu." Akakata kiazi vipande viwili. "Sasa sijui nilikuwa nawajua vipi."

Siku ya kulichukua koti kwa dobi ilifika ikapita.

Nilichanganyikiwa nisivyowahi kuchanganyikiwa darasani. Fundo lilikuwa zima, lakini fundo husema tu kwamba hakuna aliyefungua baada ya kufungwa. Halisemi kilichofanyika kabla. Nikimtetea, ninamtetea kwa sababu alinibeba mabegani nikiwa mdogo. Nikimshuku, ninamshuku kwa ushahidi wa mtu anayeuza akala. Yote mawili yalikuwa mabaya. Na mimi nikishindwa kuelewa jambo hulipanga chini, kama mtoto anavyopanga vizibo, mpaka linisemeshe.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimwaga magunia yetu wenyewe, ya kusini mwa Mombasa. Tulikuwa tumeyapima kila mwezi: mpira kwa mpira, kioo kwa kioo. Kilo tulizijua. Miguu hatukuwahi kuiangalia, maana nani huchunguza kilicho chake? Nikapanga pata-pata zote mstari mmoja. Kulia. Kulia. Kulia. Moja ya kushoto ikatokea, nikafurahi kama niliyekutana na ndugu, kisha kulia tena hadi ukutani.

Nilimwita fundi. Akaja na kiatu cha mtu mkononi.

"Na huyu wetu wa Mombasa, je?" nikamuuliza. "Za kushoto amezificha wapi?"

Akatazama fungu hili, akatazama lile. Akajikuna kidevu kwa sindano yake ya kushonea.

"Basi wote ni wezi," akasema hatimaye. "Lakini wezi wajinga. Mmoja anaiba kulia, ingine anaiba kushoto, na hawajuani!"

"Au hakuna aliyeiba," nikasema.

"Sasa nani amepanga?"

Msimamizi wangu aliinama juu ya ule mstari, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Alisema hajui anachokiona, na kwamba mtu asiyejua anachokiona hana haki ya kumshtaki mwenzake. Angeuliza mkutanoni; mwokotaji wa Tanga na aje.

Nilidhani Baba angefurahi. Alisema tu, "Haya," akaenda kazini na koti lake jingine, la zamani, lenye kiraka.

Baba mdogo alifika mchana, siku mbili kabla ya mkutano, amekonda, kofia ya kitambaa kichwani, gunia begani.

"Hodi wenyewe!"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Lo! Wewe ndiye yule aliyekuwa akila chaki?" Kisha akamgeukia Baba, aliyesimama mlangoni kama nguzo. "Na wewe, Mkamba, kabla sijaketi nataka jibu. Kandambili za kulia mmezipeleka wapi? Mimi kule naokota za kushoto tu. Majirani zangu wanasema Wakenya mnazizuia mpakani."

Baba aliuachia mlango, akapiga hatua moja. Kisha: "Ulifikiri nimezificha?"

"Nilifikiri kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kila nikifunga gunia."

Baba akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mimi nilifikiri zaidi yako," akasema. "Koti lipo kwa dobi mpaka leo. Nililipeleka kwa ajili yako, nikaliacha kwa ajili yako."

Baba mdogo hakucheka. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma taa ya reli kwa mbali asijue ni nyekundu au kijani. Akalishusha gunia.

"Basi kesho twende tukalichukue," akasema. "Sasa nipe chai."

Baada ya chai wazee hao wawili waliziba tundu la sinki la kufulia kwa tambara, wakalijaza maji, wakaweka pata-pata mbili zielee, ya kushoto na ya kulia, na Baba akapunga upepo kwa sinia. Moja ilikwenda pembe hii, nyingine pembe ile. Akina mama wakapiga vigelegele. Wakarudia: zikaenda pembe moja, zote mbili. Wakabishana juu ya sinia, juu ya mkono wa Baba, juu ya sabuni majini. Mkutanoni nako haikuwa tofauti sana. Mmoja alisema soli imepinda, basi upepo huisukuma ya kushoto huku na ya kulia kule, kama mashua mbili zenye usukani uliokazwa pande tofauti. Mwingine akasema ni mikondo ya maji. Nimeeleza jambo hili mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikieleza naona wanaonisikiliza wameelewa kuliko mimi. Walichokubaliana ni kwamba kazi iendelee, waokotaji wabaki walewale, na kila upande utenge fungu la kila mguu, kwa kuwa pwani moja peke yake isingejua kamwe kwamba ina nusu tu ya habari.

Baba mdogo aliondoka na Baba akamsindikiza, koti limepigwa pasi.

Gunia la mwezi uliofuata lilikuwa na fundo lilelile. Nikalimwaga: kushoto, kushoto, kushoto. Na katikati yake, kandambili moja ya kulia, mpya kabisa, haijaonja chumvi, imefungwa kwa uzi kwa fundo la gadi, dogo kama kunde.

Nilikaa nayo mkononi. Masharti yalikuwa wazi: kila kilichomo kipimwe. Lakini hii haikutupwa na bahari. Nikiihesabu ninadanganya, nikiitupa ninadanganya. Nikamwita Baba nimuulize niiweke fungu gani.

Aliichukua, akaigeuza, akalitazama fundo. Kisha akavua kiatu chake cha kulia, akaivaa, akaingia ndani akichechemea, mguu mmoja na kiatu cha reli na mmoja na kandambili.