Kengele na Mlango wa Chumba cha Injini

Kwenye meli ya doria aliyofanyia kazi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kengele, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mkuu wa kikosi cha kuzima moto na kuziba mavujo, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha mabaharia: watu wakishaketi kula, ndipo yeye anapopiga kengele ya mazoezi. Sahani zinaachwa mezani, watu wanakimbilia mipira ya maji na mitungi ya hewa, na wakirudi chakula kimeshapoa kama maji ya mtungi. Mpishi alikuwa akisema mwanamke yule ana ugomvi na tumbo la binadamu. Kengele akisikia hucheka, na safari inayofuata anapiga tena. Aliwaambia moto haubishi hodi, wala haungoji mtu amalize kumeza.

Hakuzaliwa jasiri. Kabla ya jeshi la majini alikuwa fundi bomba, kazi aliyofunzwa na mjomba wake, wakizunguka na mfuko wa spana majikoni na vyooni mwa watu. Alipoajiriwa alidhani atashinda na pampu zake basi. Lakini kila anayekwenda kuishi melini lazima kwanza apite chumba cha moshi: sanduku kubwa la chuma, giza totoro, moshi mzito, nawe una barakoa usoni na mtungi wa hewa mgongoni, unatafuta mlango wa kutokea kwa kupapasa ukuta. Mara ya kwanza alikimbia kabla hajafika katikati, akaivua barakoa na kutapika mbele ya wenzake. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mkufunzi alimweleza kwa upole kwamba si aibu, ofisini nako kuna kazi. Alishukuru, kisha akamwomba amwazime barakoa moja kuukuu.

Akaenda nayo nyumbani. Alikosha vyombo ameivaa, akafua ameivaa, akamsuka binti yake ameivaa, akijilazimisha kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole hadi moyo utulie. Mumewe alikuwa fundi cherehani aliyepokea wateja sebuleni. Siku moja alikuwa akimpimia mtu kiuno, Kengele akatokeza kutoka jikoni na uso wa mpira na macho ya kioo, mteja akatoka mbio na futi ya kupimia ikimning'inia. Mume alimfuata hadi barabarani. "Ndugu yangu, rudi. Mke wangu anajifunza kupumua tu." Mama mkwe naye alipokuja kuwatazama alimvuta mwanawe pembeni kumwuliza kama mkwewe ana maradhi ya ngozi.

Aliporudi chumba cha moshi alikipita. Akaomba akipite tena, na tena, mpaka mkufunzi mwenyewe akasema inatosha. Miaka ilikwenda, akapanda cheo, akakabidhiwa kikosi.

Siku ya moto ilikuwa asubuhi nyeupe, bahari imetulia, mji hauonekani tena. Katika chumba cha injini nati ya bomba la dizeli ililegea kwa mtikisiko. Mafuta yakaruka kama mvua nyembamba juu ya bomba la moshi lililokuwa limepata moto, na chumba kikawaka kwa mkupuo mmoja. Mafundi wawili waliokuwa zamu walipanda ngazi wakatoka na nyusi zimeungua. Wa tatu, fundi mzee waliyemwita Grisi, hakutoka. Aliona mafuta yanamwagika, na mkono wake wa miaka mingi ukamtuma kuifunga valvu ya pale ndani. Katika mazoezi yote Kengele aliwaambia wasifanye hivyo. Mafuta yana mshikio wa kuyakata kutoka nje, kazi ya mtu ni kutoka. Lakini mkono una mazoea yake.

Kengele alipofika mlangoni mwa chumba cha injini alikuta mhandisi mkuu ameshakata mafuta kutoka nje na kuzima feni, na sasa ameshika mshikio mwekundu wa gesi ya kuzimia moto. Gesi ile hukijaza chumba hadi moto ukose hewa. Humkosesha na mtu pia. Lakini alikuwa hajauvuta. Grisi alikuwa rafiki yake tangu ujana wao. Nahodha alisema kupitia simu ya ukutani kwamba gesi isifunguliwe mpaka Kengele aingie na kurudi, lakini asikawie, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta ule kuna matangi ya mafuta.

Aliingia na baharia mmoja mwenye mabega mapana, ambaye kwa upana huo wenzake walimwita Mlango wa Pili. Walitambaa, maji yakirushwa mbele yao yametandazwa kama mwavuli ili yazuie joto. Hawakuona kitu. Kengele alipapasa ukuta kwa mgongo wa mkono, kwa maana kiganja kikigusa chuma chenye umeme au moto hushika na hakiachii. Akawa anapumua polepole, kama pale kwenye karai la vyombo. Alimpata Grisi chini ya ngazi, uso kwenye bamba la sakafu, mahali palipobaki hewa kidogo. Alimshika ukosi akamvuta. Mzee alikuwa mzito kama gunia la chumvi iliyolowa, na Kengele alimtukana kila hatua, matusi ambayo mjomba wake aliyatumia kwa mabomba yaliyoziba. Karibu na mlango glavu yake ya kulia ilinasa kwenye chuma ikachanika, na alipoushika ukingo wa mlango ajivute, ngozi ya kiganja ikabaki pale. Hakuusikia uchungu mpaka baadaye.

Mlango ulifungwa, makomeo yakakazwa, mhandisi akavuta mshikio. Waliisikia gesi ikiingia, sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi ndefu.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, nayo ilikuwa kazi ya kungoja.

Meli haikuwa na injini inayofanya kazi, na mkondo ulikuwa ukiisukuma kuelekea safu ya miamba. Nanga ilishushwa, lakini kina kilikuwa kirefu, ikawa inaburuta. Kengele aliwagawa watu pande zote za chumba kile, juu na ubavuni, wamwagie kuta maji zisiunguze vilivyo nyuma yake. Rangi ya ukuta ilikuwa imevimba malengelenge. Baada ya muda yakanywea, na mvuke ukapungua. Mhandisi akasema moto umekwisha, wafungue, akawashe hata injini moja kabla miamba haijawafikia. Hakusema upuuzi, miamba ilionekana kwa macho, na povu lake jeupe. Watu wakamgeukia Kengele. Yeye aliweka mgongo wa mkono usioungua karibu na mlango, akautoa haraka.

Nahodha aliteremka mwenyewe. Akamwuliza Kengele, wakingoja, ana uhakika gani kwamba meli haitapasuka kwenye mwamba.

"Juu ya mwamba sina uhakika, afande," alisema Kengele. "Juu ya mlango huu ninao. Ndani bado kuna moto wa kutosha kuwasha mafuta. Tukiupa hewa sasa, utaamka, na gesi ya pili hatuna."

Nahodha aliutazama mlango, akamtazama mhandisi. "Tunangoja," alisema, akapanda kwenda kushughulika na nanga ya pili.

Muda ule Kengele aligundua jambo jingine. Meli ilikuwa imeanza kuinama upande wa kushoto. Maji yao wenyewe ya kupozea yalikuwa yamekusanyika ushorobani, na kila meli ikiyumba, yanakimbilia upande mmoja na kuuzidishia uzito. Chombo kinaweza kuokoka moto kikazama kwa maji ya kuuzimia. Akapunguza mipira, akaleta pampu ya kubebeka, na pampu ilipokuwa haitoshi, ndoo. Mpishi alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa ndoo. Kengele naye alishika ndoo kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa umefungwa kitambaa cha jikoni, mpaka sakafu ikarudi kuwa sakafu.

Nanga zilishika walipofika penye kina kifupi, wakiwa karibu na miamba kiasi cha kusikia mawimbi yakivunjika. Ukuta nao ulipoa, ukashikika. Kengele akafungua mlango upenyo wa kidole, mpira wa maji tayari, kila mtu na barakoa. Moshi ulitoka, moto haukutoka. Ndani, chini ya mabamba ya sakafu, matambara yenye grisi yalikuwa bado yanafuka, mekundu katikati. Waliyalowesha, na akaweka mtu akae hapohapo na mpira mkononi, asiondoke mpaka meli ya kuwavuta ifike.

Grisi alipona, lakini mapafu hayakurudi kama zamani. Alihamishiwa stoo ya vifaa nchi kavu. Kengele alipokwenda kumwona, mzee alimwambia, kwa maneno mafupi ya mtu anayebana pumzi, kwamba uso wa aliyemwokoa hakuuona, ila matusi yake anayakumbuka yote. Walicheka mpaka Grisi akashikwa na kikohozi.

Mama mkwe alitaka aache kazi, akamwambia mkono ule umeshamwonya. Kengele alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. "Mama, wale wenzangu sasa wanajua kuukimbilia moto, kuungoja bado," alisema. "Nikiondoka leo, nitakuwa nimewafundisha nusu."

Kiganja kilipona kikiwa kigumu, vidole viwili havikunjiki sawasawa, akajizoeza kufunga makomeo kwa mkono wa kushoto. Meli ilipotoka matengenezo, kabla haijang'oa nanga, alipita chumba hadi chumba akikagua kila mpira na kila mtungi. Mhandisi mkuu alifuatana naye, ameshika tochi. Kwenye ngazi ya chumba cha injini akamwambia anataka mafundi wake wote wafunzwe kutoka mle wamefungwa macho, hata kama mkono umeshashika valvu, na kwamba wa kwanza kufungwa awe yeye. Kengele akavua skafu yake, akamfunga nayo macho, akamgeuza mara mbili.

"Haya, mheshimiwa," alisema. "Nitafutie mlango."