Karatasi Tatu za Nyaboke

Enzi zile, kabla baba hajanunua redio, mchezo wetu wa Jumapili ulikaa ndani ya daftari. Dada yangu mkubwa, Nyaboke, ndiye aliyeuandika akiwa shule ya bweni. Humo mimi nilikuwa mchuuzi wa chumvi, kaka yangu mdogo Onchari mwindaji, na Nyaboke alitusimulia njia. Ukitaka kuvuka mto unarusha mbegu tano za mahindi zilizopakwa makaa upande mmoja. Nyeusi zikizidi, maji yamekubeba. Tulicheza kati ya magunia ya maua ya pareto mpaka pua zinawasha, ndizi za kuchoma mkononi. Siku chui alipomla mwindaji wake, Onchari alilia machozi ya kweli. Mama akipita: "Nyinyi wachuuzi, maji hayajichoti!"

Kila Disemba Nyaboke alikuja na daftari jipya, nchi imekuwa kubwa zaidi. Katikati ya mwaka alikuwa anatuma karatasi, zimekunjwa ndani ya barua aliyomwandikia baba. Mwaka wake wa mwisho shuleni zilikuja tatu: mnyama mpya, mhunzi wa mikuki, kanuni ya mvua. Chini ya kila moja aliandika, "Chezeni hii, halafu mniambie."

Mimi sikuwa na subira. "Za nini hizi?" nikamwambia Onchari. "Disemba, zote zitakuwa ndani ya daftari jipya."

"Tujaribu tu ya mvua, Kerubo."

"Wewe ngoja!"

Tukangoja miezi, hatuchezi. Daftari la zamani nikampa mama awashie kuni mbichi. Nilisema limepitwa.

Disemba Nyaboke akaja, akakaa juu ya gunia, akatoa daftari na kalamu. "Haya. Mvua iliwaendeaje? Ni kali sana?"

Nikachezea uzi wa gunia.

"Na mhunzi?"

Onchari akaniangalia. Nikachungulia lile daftari. Kurasa zote zilikuwa nyeupe. Alikuwa anatungoja sisi ndio aandike.

"Hamkucheza hata moja?"

"Tulikuwa tunangoja hili," nikasema.

"Basi leteni la zamani, tuanzie hapo."

Nikamwambia lilikoenda. Hakunigombeza. Alifunga daftari akaenda kumsaidia mama kumenya ndizi. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha ualimu, na zile kurasa nyeupe akaandikia masomo yake.

Siku hizi watoto wa hapa nyumbani wananunuliwa ludo pale sokoni Nyakoe, kila kitu kimeshaamuliwa, na wanaichoka kabla chai haijapoa. Nawacheka, lakini nawaonea huruma pia. Hakuna anayewaandikia, "mniambie."

Jumapili iliyopita nilizitoa sandukuni zile karatasi tatu. Nikapaka makaa mbegu tano, nikamwita Onchari, ambaye sasa ana ndevu. Kanuni zingine tulizitoa kichwani. Tukacheza ile ya mvua mpaka jioni.

Leo nimemwandikia Nyaboke: "Ni kali sana, dada. Hatukuvuka mto hata mara moja."