Kadi ya Mdogo Wake

Sijisafishi hapa: niliwaonea wivu wakimbizi. Walikuja Ngara wakikimbia vita kwao Burundi, wengine hata sufuria hawana, nami wa darasa la nne nikakaa kuwahusudu. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wetu walipewa maktaba.

Lilikuwa banda la turubai tu, lakini ndani mlikuwa na vitabu vya hadithi vyenye picha za rangi, na kila mtoto wa kambi alikuwa na kadi ya kuazimia. Shuleni kwetu watu sita tuligombea kitabu kimoja, tena hakina jalada. Nikimsindikiza mama kuuza ndizi kambini, niliwaona wamelala kifudifudi wanasoma, wamesahau kabisa kwamba walikimbia bunduki. Roho iliniuma, jamani.

Basi nikajifanya Mrundi. Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu, nikajiambia, nani atanijua? Nikachagua kitabu, nikapanga foleni nyuma ya binti mmoja wa rika langu. Zamu yangu ilipofika, mwalimu wa maktaba, mtu mzima, akainua macho. Neno likanitoka lenyewe: "Shikamoo."

Loo! Mtoto gani wa Kirundi aliyefika juzi anaamkia shikamoo? Foleni nzima ikacheka. Mwalimu akaniuliza kadi yangu iko wapi. Nikatazama chini, machozi yananilenga, kitabu nimekibana kwapani.

Yule binti hakuwa ameondoka. Akatoa kadi ya pili mfukoni, akamwambia mwalimu niandikiwe kwa hiyo. Mwalimu akamtazama sana, kisha akaandika.

Tulipotoka nje ndipo akanieleza. Kadi ilikuwa ya mdogo wake. Walipotezana njiani siku ya kukimbia, naye alipofika kambini akamwomba mwalimu amwandikishe mdogo huyo, ili akija akute nafasi yake ipo. Kila wiki alikuwa anamwazimia kitabu na kukisoma yeye, apate cha kumsimulia.

"Akija utanirudishia," akaniambia. "Anakuja."

Nikamwitikia. Halafu nikashika njia ya nyumbani na kitabu changu, na wivu badala ya kuisha ukamhamia yule mtoto nisiyemjua. Mwenzangu anawekewa kadi hata kabla hajaonekana. Mimi dada zangu walichowahi kuniwekea ni vyombo vya kuosha. Jumapili kanisani, watu wakiombea amani, mimi nikamwomba Mungu mtoto yule achelewe kidogo, nimalize kwanza vitabu vya rafu ya chini.

Nilimaliza rafu zote. Kisha wakimbizi wakarudishwa kwao, na hakuna aliyekuja kuidai ile kadi. Ninayo mpaka leo.